Jinsi Merikebu Sizami Ilivyozama

Ulikuwepo mwaka mmoja, kabla ya babu wa babu zetu kuota meno, ambao mvua iliiruka nchi ya Mbugani kama mtu anavyoruka dimbwi asichafue kanzu. Iliruka masika, ikaruka vuli, na masika yaliyofuata ikapita mbali kabisa, ikingurumia kwa majirani. Nyasi zikaisha. Majani yakaisha. Nyani wakaanza kula magome ya miti, na magome yalipoisha wakaanza kutazamana.

Maji yalikuwepo, kwa kuwa Mbugani iko kando ya ziwa kubwa. Lakini maji hayatafunwi. Wanyama walikunywa asubuhi, wakanywa mchana, kisha wakaketi ufukoni matumbo yakiwachezacheza, wakitazama ng'ambo. Huko ng'ambo, mbali, palionekana mstari mwembamba wa kijani. Kilikuwa kisiwa, na Korongo, ambaye alikwenda na kurudi kwa mabawa yake, aliapa kwamba nyasi za kule zingemfika Tembo magotini.

Simba akaita baraza. Simba wa Mbugani alikuwa na manyoya mengi shingoni, na majivuno mengi kuliko manyoya.

"Mtukufu," akasema Tembo, "mimi naona tukate magogo, tufunge vyelezo vidogo vidogo. Twende kwa mafungu. Leo hawa, kesho wale."

"Mimi?" akauliza Simba. "Mimi niketi juu ya magogo mawili, makalio yanaloa, samaki wananichungulia kwa chini? Hapana. Tutaunda merikebu moja, kubwa kuliko kitu chochote kilichowahi kuelea. Itatuchukua sote kwa siku moja, nami nitaketi juu kabisa. Jina lake nimeshalipata. Itaitwa Sizami."

Wanyama wakapiga makofi, maana mfalme akitaja jina hupigiwa makofi. Sungura peke yake alibaki amekunja mikono.

"Na ikizama, Mtukufu?"

"Hujasikia jina lake?"

"Nimelisikia. Nauliza kama maji nayo yamelisikia."

Simba alimtazama mpaka masikio ya Sungura yakalala mgongoni, na shauri likawa limekwisha.

Huko Mbugani hawakujua misumari. Mbao zilitobolewa matundu, zikashonwa kwa kamba za ngozi, kama mtu anavyoshona kiatu. Kwa merikebu ya ukubwa ule zilihitajika ngozi nyingi, na ngozi zilikuwepo, kwa sababu njaa ilikuwa imeua wengi. Kila ukoo ukaleta ngozi za marehemu wake. Bi Nyumbu alikuja wa mwisho, ndama wake wakimfuata, amebeba ngozi ya mama yake aliyoikunja vizuri kama khanga ya Idi. Ubavuni ngozi ile ilikuwa na kovu lenye umbo la mwezi mchanga.

"Mama alitamani sana kuvuka," akasema. "Basi ngozi yake na itufae."

Tatizo lilikuwa moja. Ngozi kavu ni ngumu kama ubao. Ili ikatike kuwa kamba lazima kwanza itafunwe, ilainike. Nani mwenye taya za kazi hiyo? Macho yote yakageuka taratibu kwa Fisi.

Fisi alikuwa ameketi nyuma, akimeza mate. Tangu ukame uanze, Simba alikuwa amepiga marufuku mnyama kumla mwenzake, kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache na kazi ilihitaji mikono. Wala nyama wote walikula samaki. Fisi hakuwa na ugomvi na samaki. Ugomvi wake ulikuwa na miiba. Kwa miezi mingi hakuwa ameonja kitu chenye ladha ya mnyama, na sasa lundo la ngozi lilikuwa mbele yake, likinukia.

"Fisi," akasema Simba, "kuanzia leo wewe ndiye fundi mkuu wa kamba."

"Nimepokea kwa unyenyekevu, Mtukufu," akasema Fisi, na udenda ukamdondoka mguuni.

Tusimwonee. Siku ya kwanza alikwenda na nia njema. Alijengewa kibanda chenye uzio, akaketi, akachukua ngozi ya kwanza, akaitafuna pole pole hadi ikawa laini kama jani la mgomba. Akaitoa kinywani. Nzima! Mwenyewe alijipongeza kwa sauti.

Ngozi ya pili ilikuwa na kipande kilichooza kidogo. Akaona si vizuri kushonea merikebu ya mfalme kitu kilichooza, akakimeza kipande kile. Ya tatu ilikuwa na vipande viwili vilivyooza. Ya nne, kwa kweli, aliona imeoza yote. "Kulainisha na kula," akajiambia huku akijilamba, "ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni kumeza tu."

Hadi jua linatua, ngozi zote nne, hata ile ya kwanza, zilikuwa zimelainishwa moja kwa moja hadi tumboni.

Sasa kamba zitatoka wapi? Fisi akatoka, akaenda ufukoni, akakata matete mabichi, akayasokota. Kamba ya matete ikapatikana. Akaipaka tope jekundu, akaipitisha kwenye moshi na masizi, akaitazama kwa jicho moja, akaitazama kwa jicho la pili. Ilifanana na ngozi kabisa. Akaanza kufanya hivyo kila siku. Asubuhi alikula, mchana alilala, jioni alisokota matete. Mbao zilipopandishwa, Nyani walishona kwa kamba zile bila kujua, wakimsifu fundi kwamba kamba zake zimenyooka.

Wageni hawakuruhusiwa kibandani. "Fundi hatazamwi akitafuna," alisema. Lakini siku moja Bi Nyumbu alibisha hodi mpaka akafunguliwa.

"Samahani, Bwana Fisi. Sikuja kukusumbua. Nilitaka tu kuiona ya mama."

Fisi akaokota kamba ya kwanza iliyokuwa karibu. "Hii hapa, dada. Imetoka vizuri ajabu. Mama yako alikuwa imara."

Bi Nyumbu akaishika ile kamba ya matete kwa heshima, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akasema.

Fisi akahisi kitu kimemkwama kooni. Alidhani ni huruma, akashtuka, kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo. Akakohoa mara mbili. Zilikuwa singa za mkia.

Wakati huo Sungura alikuwa na wasiwasi wake. Kila alipoomba vyelezo vichache vifungwe pembeni ya merikebu, kwa tahadhari tu, Simba alikataa. "Mgeni gani huenda harusini na sanda kwapani?" alisema. Basi Sungura akarudi mara ya nne na wimbo mwingine.

"Mtukufu, nimeitazama Sizami. Ni nzuri, lakini iko uchi. Merikebu ya mfalme haina hata pambo!"

Masikio ya Simba yakasimama. "Pambo gani?"

"Kila nyumba ina vibuyu vya maji vilivyokauka. Tuvipake rangi nyekundu na nyeupe, tuvitundike kama shanga kuanzia mbele hadi nyuma. Watu wa kisiwani wakituona watasema, huyu si mfalme, huyu ni bwana harusi."

"Vibuyu vingi?"

"Vingi mno, Mtukufu. Wafalme wadogo ndio hutundika vichache."

Vikatundikwa vibuyu mia na zaidi, vikubwa, vyepesi, vimefungwa vizibo barabara. Sungura alikagua vizibo vyote yeye mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kwa nini pambo likaguliwe kizibo.

Siku ya safari ikafika. Jua lilipochomoza Sizami ilikuwa majini, inang'aa, kubwa kama kilima kilichohama. Nyati na Pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, walishuka chini kwenye makasia. Mzee Pofu alikuwa na mabega mapana na sauti nzito, naye ndiye aliyepewa kuwaimbisha wapiga makasia. Vyura walipanda na ngoma zao, wakaketi sitahani kama bendi. Wanyama wakapanda ukoo kwa ukoo, wakiaga miti iliyokauka.

Fisi alikuwa amekaa mbali, amejifunga kitambaa tumboni.

"Fundi, mbona hupandi?" akaita Simba kutoka juu.

"Tumbo, Mtukufu. Tumbo limenishika. Nyie tangulieni. Mimi nitabaki nilinde nchi."

"Uilinde na nani? Hakuna hata panya aliyebaki."

"Basi nitalinda kumbukumbu, Mtukufu."

Sungura, aliyekuwa akipita na mzigo wake, akasimama. "Ajabu," akasema. "Mpishi anayekataa kuonja mchuzi wake! Bwana Fisi, kuna nini ndani ya chungu?"

Wanyama wakacheka, lakini Fisi hakupenda jinsi Sungura alivyomtazama baada ya kicheko. Na Simba alikuwa ameshaamua. "Mleteeni kiti. Fundi mkuu ataketi kando yangu, waone wote mikono iliyonijengea merikebu."

Hivyo ndivyo Fisi alivyopandishwa kwa heshima kubwa, miguu yake ya nyuma ikijaribu kubaki nchi kavu. Kitu kimoja tu hakukiacha: kikapu chenye kifuniko, alichokikumbatia kama mama na kichanga. "Vifaa vya kazi," alisema alipoulizwa. Ndani mlikuwa na kamba halisi za ngozi, zile za mwisho, zilizolainika kuliko zote, alizojiwekea kama masurufu ya njiani.

Safari ilianza vizuri. Ziwa lilikuwa tulivu kama mafuta kwenye sahani. Vyura walipiga, mzee Pofu aliimbisha chini, makasia yakaingia na kutoka kwa pamoja. Twiga, aliyepangwa kuwa mlinzi wa mbele, alisimama akanyoosha shingo yake aone mbali.

"Wewe!" akafoka Simba. "Kichwa chako kiko wapi?"

"Juu, Mtukufu. Nalinda njia."

"Kiko juu ya changu. Watu wa kisiwani wataona nani kwanza? Shusha."

Twiga akashusha kidogo. Akaambiwa bado. Akashusha tena. Mwisho alilala kifudifudi, shingo imenyooka sitahani kama bomba, akawa analinda mbao.

Mnamo saa nne Korongo akatua mbele ya Simba akihema. "Mtukufu, mbele kuna viboko wamelala. Ni kundi zima. Punguza mwendo."

"Ahsante. Nitalitafakari," akasema Simba, akasahau.

Baada ya kitambo Korongo akarudi. "Mtukufu, sasa wako karibu. Pita kushoto."

"Nipite kushoto kwa ajili ya mtu aliyelala? Wao ndio watanipisha. Wakisikia nyimbo wataamka."

Fisi alisikia yote. Alisikia na mengine ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia: chini ya ngoma na nyimbo, kamba zilikuwa zinalia. *Kwii. Kwii.* Ngozi ikiloa hunyamaza. Matete yakiloa hulia. Alijua merikebu ile isingestahimili hata kupiga chafya. Alitazama chini, akawaona ndama wa Bi Nyumbu wakicheza kukimbizana kati ya miguu ya Tembo. Nikisema punguza mwendo, akawaza, ataniuliza kwa nini. Nikijibu kwa nini, nimekwisha. Akafumbua kinywa.

"Mtukufu..."

"Sema, fundi."

Jasho likamtiririka hadi kwenye pua. "Upepo mzuri," akasema.

"Mzuri sana," akakubali Simba.

Korongo akaja mara ya tatu, safari hii akipiga kelele hewani. "Vyura!" akaagiza Simba. "Ongezeni sauti, huyu ananiharibia wimbo."

Sungura naye alikuwa tumboni mwa merikebu, akizunguka kama desturi yake. Mahali fulani maji yalikuwa yanapenya. Akagusa kamba, akaangalia kiganja chake, kikawa chekundu. Akapanda ngazi mbio, akaja moja kwa moja mbele ya kiti cha Fisi, akanyoosha mkono.

"Fundi," akasema, "ni ngozi ya mnyama gani inayotoa tope?"

Wakati huo huo Sizami ikawafikia viboko.

Kiboko mkubwa kuliko wote alikuwa amelala pale njiani. Kiboko akilala majini huonyesha masikio mawili na macho mawili tu. Mlima wote uliobaki uko chini. Sizami ikampanda ubavuni. Haukuwa mgongano mkubwa. Waliokuwa juu waliona kama merikebu imejikwaa kidogo, ikaendelea. Vikombe havikumwagika.

"Nani ananikuna mgongo?" ikauliza sauti nzito ya usingizi kutoka majini. "Sogea kushoto kidogo, hapo hapo." Kisha Kiboko akakumbuka kwamba hana mtu wa kumkuna, akasimama aone.

Aliposimama, kamba za matete zikakatika. Ilikatika moja, ikafuata ya pili, halafu zikakatika kama maharagwe yanavyopasuka juani. Upande mzima wa Sizami ukafunguka kama mlango, na ziwa likaingia bila hodi.

"Tulieni!" akanguruma Simba. "Haizami! Nimeiita Sizami!"

Maji yakamfika vifundoni.

"Sizami!" akarudia, kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayeikumbusha ahadi. Maji yakamfika magotini, na manyoya yake ya shingoni yakalowa yakamshuka pande zote, akaonekana kama paka aliyetolewa mtungini. Vyura peke yao waliendelea kupiga ngoma bila kukosea hata pigo moja, maana kwao maji yalikuwa yanawafuata nyumbani.

"Vibuyu!" akapiga kelele Sungura. "Kateni vibuyu! Kila mtu ashike kibuyu!"

Nyani wakakimbia wakikata mapambo. Wanyama wakaruka wakiwa wamekumbatia vibuyu vyekundu na vyeupe. Chini, kwenye makasia, mzee Pofu alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kifuani. Ndama wa Bi Nyumbu walikuwa wameteremkia huko katika mchezo wao. Aliwainua kwa pembe zake mmoja baada ya mwingine, akawapandisha kwenye ngazi, akimwambia kila aliyepanda, "Haya, mwanangu, usitazame nyuma." Wa mwisho alipotoka, ngazi haikuwepo tena. Wala mzee Pofu hakuonekana tena.

Na Fisi? Fisi alikuwa wa kwanza kufika kwenye vibuyu. Alijua kabla ya wote kwamba siku hii ingefika, na macho yake hayakuwa yametoka kwenye pambo tangu asubuhi. Alijifunga kibuyu kimoja. Kimoja kinatosha, lakini viwili ni bora. Viwili ni bora, lakini vipi vinne? Akavifunga kiunoni hadi akafanana na kichaka cha matunda, akachukua kikapu chake kwa meno, akaruka.

Vibuyu vyote vilikuwa nyuma, na kikapu chenye ngozi nzito kilikuwa mbele. Kwa hiyo alielea, ndiyo, lakini makalio juu na kichwa chini.

Akafurukuta, akapata kuinua pua, akavuta pumzi, akazama tena. Ngozi ndani ya kikapu ilikuwa inanyonya maji na kuzidi uzito. Sungura, aliyekuwa juu ya ubao akiwavuta watoto wa Ngiri, akamwona.

"Achia kikapu!"

"Mmh-mmh," akasema Fisi kwa meno yaliyokaza.

"Utakufa, wewe! Achia!"

Fisi aliwaza. Kuna uhai, na kuna masurufu. Mtu mwenye uhai bila masurufu ataishi vipi? Akakaza meno zaidi. Maji yakamwingia puani, akaona nyota mchana, na bado akawa anapiga hesabu kama angeweza kumeza kamba moja kule kule chini.

Bi Nyumbu ndiye aliyemfikia. Alikuwa anaogelea huku na huku akiwatafuta ndama wake, akawapata, na alipomwona mtu anazama kichwa chini hakuuliza ni nani. Akaingiza pembe kwenye kishikio cha kikapu, akavuta kwa nguvu zake zote. Fisi akaja juu. Na kifuniko cha kikapu kikafunguka.

Kamba za ngozi zikatawanyika juu ya maji, laini, safi, nzuri, mbele ya macho ya Mbugani nzima. Mojawapo ikaelea hadi puani mwa Bi Nyumbu. Ilikuwa na kovu lenye umbo la mwezi mchanga.

Bi Nyumbu alimtazama tu Fisi, kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mtu aliye majini.

"Baadaye!" akasema Sungura. "Dada yangu, baadaye. Leteni kamba hizo!"

Kwa zile kamba walifunga vibuyu kwa mbao, na mbao kwa mbao, wakapata vyelezo vya kuwabeba waliochoka na watoto. Lakini kisiwa bado kilikuwa mbali, na Kiboko alikuwa anawatazama kwa hasira, koo lake limejaa matusi.

Sungura akaogelea hadi kwake. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmenikata usingizi na mgongo."

"Tumekosa, babu. Hatutakusumbua zaidi. Tutakufa hapa hapa, polepole, Tembo na wote. Ila naona uchungu kwa ajili yako. Umewahi kunusa Tembo aliyekaa majini siku saba?"

Kiboko akawaza. Akamtazama Tembo, akaupima ukubwa wake. "Enyi!" akawaita jamaa zake. "Amkeni! Wasukumeni hawa watu waende kwao!"

Viboko wakasukuma kwa pua zao, na jua lilipokuwa linaanza kulegea Mbugani nzima ikawa imetupwa juu ya mchanga wa kisiwa, ikikohoa. Nyasi zilikuwepo kweli, hadi magotini mwa Tembo. Lakini hawakula kwanza. Walihesabiana, wakaita jina la mzee Pofu mara tatu.

Kisha wakamgeukia Fisi.

"Mimi nililainisha tu," akasema Fisi.

"Ngozi zetu ziko wapi?" akauliza Bi Nyumbu.

Fisi akafumbua kinywa, lakini tumbo likamtangulia. Likanguruma, likazunguka, likatoa jibu refu lililosikika hadi kwa walioketi mwisho, na hakuna aliyehitaji shahidi wa pili.

"Nitamrarua!" akanguruma Simba, akiyasukuma manyoya yaliyomfunika macho. "Ameniharibia merikebu yangu! Yeye peke yake!"

"Peke yake, Mtukufu?" akauliza Sungura kwa upole. "Korongo alikuja mara ngapi? Na Twiga alikuwa analinda nini pale chini?"

Simba akageuka akatazama pembeni, kama mtu aliyeona nzi wa ajabu. Hakusema tena habari ya kurarua.

Wakakaa wakashauriana, na hukumu aliitoa Bi Nyumbu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemvuta Fisi majini. "Sitaki afe," akasema. "Mzee Pofu ametosha. Lakini aliyekula njia ya wenzake asile mwisho wa safari yao. Arudi kule tulikotoka."

Fisi akalia, akaapa, akagaagaa, akamwita kila mmoja ndugu. Hakuna aliyeitika. Kiboko mkubwa akambeba mgongoni, akamvusha ziwa kurudi Mbugani. Mbele yao palikuwa na mchanga, miti mikavu, na kibanda kitupu chenye uzio.

"Shuka," akasema Kiboko.

Fisi akashuka. Akatazama huku na kule. "Sasa, babu, mimi nitakula nini hapa?"

"Wewe si fundi mkuu?" akasema Kiboko, akigeuka kurudi majini. "Shona merikebu yako."

Fisi akakimbia hadi ukingoni, akataka kupiga kelele za kuomba msamaha, lakini kwa hofu na aibu sauti ikamtoka vibaya, ikawa kicheko. Akajaribu tena, akacheka tena. Kule kisiwani waliposikia wakatikisa vichwa, wakasema hata sasa hana haya. Tangu siku hiyo Fisi akitaka kulia huonekana anacheka, na ndiyo maana hakuna anayemwonea huruma.

Hadithi imefika nchi kavu. Mwenye masikio na aondoke na hili: mchimba kisima huingia mwenyewe.